Vichwa na Vijiji: Tarehe ya Kupima Ushahidi Kandokando ya Benaco

Tarehe 28 Aprili 1994, umma wa Wanyarwanda ulipoanza kumiminika juu ya daraja la Rusumo na kuvuka mto Kagera kuingia wilaya ya Ngara, hapakuwa na karani awaye yote aliyeweza kuwahesabu. Na kwa sababu hiyo, tangu saa ile ya kwanza, habari za Benaco zimekuwa habari za hesabu zenye mabishano. Wako waliosema kwamba waliovuka katika muda wa saa 24 walikuwa 170,000, na wako waliosema 250,000, na tofauti ya makadirio hayo mawili, yaani watu 80,000, ni mji mzima wa binadamu ulioongezwa au kupunguzwa kwa ncha ya kalamu. Nchi walimoingia ilikuwa ya Wahangaza na Wasubi, wakulima wa migomba na maharage, ambao katika sensa ya mwaka 1988 wilaya yao nzima ilikuwa na watu wasiofika 200,000. Na mahali walipotua, penye ziwa dogo kando ya barabara kuu, palikuwa pamepata jina kwa kampuni ya Kiitalia ya ujenzi wa barabara iliyopiga kambi yake hapo zamani. Katika majuma machache Benaco ikasemwa kuwa mji wa pili kwa ukubwa katika Tanzania, mji usio na ukuta wa tofali hata mmoja, bali maturubai juu ya matuta na moshi wa kuni kutoka vilima ambavyo havikukawia kubaki uchi.

Mengi yamekwisha kuandikwa juu ya kambi hiyo, mintarafu siasa yake na dhuluma zilizoingia pamoja na wakimbizi. Mimi nataka kuandika juu ya jambo ambalo halina kelele, nalo ni tarehe ya namna watu walivyojifunza, katika ukanda huu unaoanzia Mwanza, ukapita Biharamulo na Ngara, hata ukafika Rakai ng'ambo ya mpaka wa Uganda, kuamua kama jambo fulani limeleta athari ya kweli au ni bahati tu iliyovaa sura ya athari, pale ambapo watu wanaopimwa hawakuishi mmoja mmoja bali wameishi kwa makundi.

Wakimbizi wa Benaco hawakupangwa ovyo. Walikaa kwa kufuata tarafa walizotoka Rwanda, majirani wa kwao wakawa majirani wa kambini, na viongozi wao wa zamani wakaendelea kuwa na sauti hata katika ugawaji wa posho, jambo lililozaa malalamiko mengi, kwa kuwa idadi ya watu iliyotajwa na kiongozi ndiyo iliyopimiwa unga na maharage. Basi watu wa mtaa mmoja wa kambi walichota maji bomba moja, walitumia vyoo vya namna moja, walipokea posho kwa mkono mmoja, na maradhi ya kuhara damu yalipoingia katika turubai moja yalijua njia ya kufika turubai la pili. Afisa wa afya aliyetaka kujua hali ya utapiamlo wa watoto alifanya kama ilivyokuwa desturi ya wakati ule katika kambi zote za dharura: alichagua makundi 30 kwa nasibu, akapima watoto 30 katika kila kundi, akapata watoto 900. Je, ana ushahidi wa watoto 900?

Hana. Kadhi akiletewa mashahidi 100 waliolala nyumba moja na kusikia habari kinywani mwa mtu mmoja, hawahesabu kuwa 100, maana neno lao limetoka chemchemi moja. Leslie Kish, mwanatakwimu mzaliwa wa Hungaria aliyefanya kazi Michigan, Marekani, aliieleza hesabu ya jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1965 juu ya uchaguzi wa sampuli, na hesabu yenyewe ni sahili: chukua idadi ya watu katika kundi, toa moja, zidisha kwa kipimo cha ufanano wa watu wa kundi moja, kisha ongeza moja, jibu utakalopata ndilo linaloigawanya sampuli yako. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba ufanano ni 0.05, kiasi ambacho mtu atakiona kuwa kidogo mno. Ishirini na tisa mara 0.05 ni 1.45, ukiongeza moja ni 2.45, na watoto wako 900 wamegeuka kuwa sawa na watoto 367 waliochaguliwa mmoja mmoja. Tena hayo ni kwa makundi madogo ya 30. Kundi likiwa kijiji chenye watu 1,000 waliopimwa, ufanano wa 0.005 tu, ambao jicho haliwezi kuuona, waupunguza ushahidi wao hadi sehemu ya sita.

Elimu hii haikuanza kwa binadamu, ilianza kwa mimea. R. A. Fisher, aliyeingia kituo cha kilimo cha Rothamsted, Uingereza, mwaka 1919, na kuchapisha kitabu chake cha njia za takwimu mwaka 1925, ndiye aliyefundisha kwamba shamba la majaribio ligawanywe viwanja, na mbolea au mbegu zigawiwe kwa kura. Na yeye pamoja na Frank Yates walionyesha kwamba lau jambo moja limefanywa juu ya kiwanja kikubwa kizima, mathalani kukinywesha maji, na jambo la pili likafanywa juu ya vijisehemu vilivyomo ndani yake, mathalani kupanda mbegu mbalimbali, basi maji yahukumiwe kwa tofauti iliyopo baina ya viwanja vikubwa, na mbegu zihukumiwe kwa tofauti iliyopo baina ya vijisehemu, wala hukumu moja isitumiwe mahali pa nyingine. Ilimu hiyo ya viwanja ilisafiri pamoja na utafiti wa pamba na kahawa mpaka katika vituo vya makoloni, na kando ya Mwanza kituo cha Ukiriguru kilipata sifa kwa mbegu za pamba ambazo wakulima wa Usukuma wamezipanda miaka mingi. Naona si bure kwamba jaribio kubwa la kwanza la makundi ya watu katika Kanda ya Ziwa lilifanyika katika mkoa uleule ambao mashamba yake yalikuwa yamekwisha kugawanywa viwanja kwa kura.

Jaribio hilo lilifanyika mkoani Mwanza baina ya mwaka 1991 na 1994, na walioliendesha walikuwa watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, shirika la afya la AMREF, na Chuo cha London cha Usafi na Tiba za Kitropiki, Heiner Grosskurth, Frank Mosha, Richard Hayes na wenzao. Swali lao lilikuwa hili: je, kuyatibu vema magonjwa ya zinaa katika vituo vya afya na zahanati kutapunguza maambukizo mapya ya virusi vya UKIMWI? Hawakuweza kumpa mtu mmoja huduma hiyo na kumnyima jirani yake, maana zahanati ni ya wote; ikawapasa kugawa jumuiya nzima nzima. Walichagua jumuiya 12, wakazipanga jozi sita zenye kufanana, za visiwani na za visiwani, za kando ya barabara na za kando ya barabara, kisha katika kila jozi kura ikaamua ipi itapata huduma mapema na ipi itangoja. Waliandikishwa watu wazima 12,537, na baada ya miaka miwili walionekana tena 8,845. Katika jumuiya zilizopata huduma, watu 48 kati ya 4,149 ambao hapo mwanzo hawakuwa na virusi waliambukizwa. Katika jumuiya nyingine waliambukizwa 82 kati ya 4,400. Ni asilimia 1.2 dhidi ya asilimia 1.9.

Hapa ndipo insafu ya watafiti wale ilipopimwa, na hapa nataka msomaji atulie nami kidogo. Mtu mwenye pupa angewachukua watu wote 8,549 waliomo katika hesabu hiyo, akawalinganisha kama kwamba kila mmoja ni shahidi anayejitegemea, akatangaza ushindi. Wao hawakufanya hivyo. Kila jozi ilitoa neno lake moja, yaani uwiano wa maambukizo katika jumuiya zake mbili, na yale maneno sita ndiyo yaliyohukumiwa. Katika jozi zote sita, bila kukosa hata moja, maambukizo yalikuwa mengi zaidi pale ambapo huduma haijafika. Lau huduma isingekuwa na athari yoyote, kila jozi ingekuwa na nusu ya nafasi ya kuelekea upande huu na nusu ya kuelekea upande ule, na nafasi ya zote sita kuelekea upande mmoja, uwe wowote, ingekuwa moja katika 32. Jozi zingekuwa tano tu, nafasi hiyo ingekuwa moja katika 16, nayo haiwezi kushuka chini ya kile kizingiti cha asilimia 5 kilichozoewa na majarida, hata kama kila jozi ingesema neno lilelile. Waliochagua jozi sita badala ya tano walikuwa wamesimama ukingoni hasa mwa kile kinachoweza kuthibitishwa. Ukizipima pia nguvu za tofauti, si mwelekeo wake tu, ukatumia kipimo cha t chenye digrii tano za uhuru, yaani idadi ya jozi ukitoa moja, utapata hukumu waliyoitoa katika jarida la Lancet mwaka 1995: uwiano wa hatari 0.58, mipaka yake 0.42 na 0.79, thamani ya p 0.007.

Kile kipimo cha t nacho kina nasaba yake. Kiliasisiwa mwaka 1908 na William Gosset, mtumishi wa kiwanda cha bia cha Guinness mjini Dublin, aliyeandika kwa jina la Student, kwa sababu kazi yake ilimpa vipimo vichache, na aliona kwamba vipimo vichache humdanganya anayevihukumu kwa kanuni za vipimo vingi. Mwenye maelfu ya mashahidi huru hutaka makadirio yake yalizidi kosa sanifu mara 1.96, mwenye digrii tano za uhuru lazima atake mara 2.57. Makadirio yaliyo mara 2.2 ya kosa lake yatapewa nyota ya ushindi kwa kanuni ya kwanza na yatarudishwa mikono mitupu kwa kanuni ya pili, ilhali takwimu ni zilezile.

Baada ya hapo mambo yaliongezeka ugumu. Mwaka 1972, John Nelder na Robert Wedderburn, wote wawili wa Rothamsted, walizikusanya chini ya kanuni moja hesabu za mambo yasiyofuata mgawanyo wa kawaida, kama vile kufa au kupona, kuambukizwa au kutoambukizwa, na hesabu za idadi. Na mwaka 1993 Norman Breslow na David Clayton walichapisha njia ya kuunganisha kanuni hiyo na athari nasibu za makundi. Hivyo zikaenea zile ziitwazo modeli za mstari zilizojumlishwa zenye athari mseto. Ndani yake mna athari thabiti, nayo ndiyo inayotafutwa, mathalani huduma ya zahanati au ukaribu wa kijiji na kambi ya wakimbizi; na mna athari nasibu, yaani ile tabia ya kila kijiji ambayo hakuna aliyeipanga, mwelekeo wake wa kuwa na maradhi mengi au machache kwa sababu zisizoandikwa katika dodoso.

Swali la kuihukumu athari thabiti katika modeli hizo halijapata jibu moja mpaka leo. Njia nyepesi ni ile yenye jina la Abraham Wald, ambayo hugawa makadirio kwa kosa lake na kulinganisha na 1.96, kana kwamba vijiji havina mwisho. Fauka ya udhaifu huo, Walter Hauck na Allan Donner walionyesha mwaka 1977 kwamba katika mambo ya ndiyo na siyo, athari ikiwa kubwa sana kosa lake nalo huvimba, hata kipimo cha Wald kikashuka pale ambapo kingepasa kupanda. Njia ya pili ni kuiweka modeli yenye athari mbele ya modeli isiyo nayo na kulinganisha uyumkinifu wao, kwa kanuni aliyoithibitisha Samuel Wilks mwaka 1938. Ni bora kuliko ile ya kwanza, lakini nayo hutaka makundi yawe mengi ndipo kizingiti chake kiaminike. Masahihisho ya digrii za uhuru ya Satterthwaite wa mwaka 1946, na yale ya Kenward na Roger wa mwaka 1997, yalitungwa kwa takwimu za mgawanyo wa kawaida, na kuyahamishia katika mambo ya kufa na kupona ni kukopa bila rehani. Iliyobaki ni njia ya subira: kuitumia modeli isiyo na athari kuzalisha takwimu bandia mara 1,000 au zaidi, kuzipima zote kama zilivyopimwa zile za kweli, kisha kuuliza ni mara ngapi bahati peke yake imezaa tofauti kubwa kama ile iliyoonekana. Programu ya lme4, ambayo wanafunzi wengi wanaitumia, haichapi thamani ya p kabisa kwa modeli mseto za kawaida, kwa kuwa mtungaji wake, Douglas Bates, hakuridhika na namna ya kuhesabu digrii za uhuru; lakini kwa modeli zilizojumlishwa huchapa kipimo cha Wald pamoja na zile nyota za ushindi, na nyota hizo nimeona zikinukuliwa kana kwamba ni yakini.

Turudi Ngara na mkoa wake wa Kagera. Baina ya mwaka 1991 na 1994, Benki ya Dunia na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walihoji kaya zaidi ya 900 katika jumuiya 51 za mkoa huo, kuanzia Bukoba na Muleba mpaka Karagwe, Ngara na Biharamulo, ili kujua hasara inayoletwa na vifo vya UKIMWI. Na utafiti ule, ambao waliouanzisha hawakuwa na habari ya yatakayotokea Rusumo, ukawa kipimo cha hali ya wenyeji kabla ya wakimbizi. Kaya zile zilitafutwa tena mwaka 2004 na mwaka 2010. Kutokana nazo wachumi wameandika mengi: Javier Baez, mwaka 2011, aliwalinganisha watoto wa magharibi ya mkoa na wale wa mashariki, akaona kwamba waliokaa karibu na kambi walidumaa zaidi, waliugua zaidi maradhi ya kuambukiza na walikufa zaidi kabla ya kutimiza miaka mitano, Jennifer Alix-Garcia na David Saah waliona bei za vyakula visivyotolewa katika misaada zimepanda sana karibu na kambi, na Jean-François Maystadt na Philip Verwimp wakaonyesha kwamba walikuwako waliofaidika na waliopata hasara, wenye vibarua wa mashamba upande huu na wafanyao kazi za vibarua upande ule.

Haya ni mambo mazito, na wenyeji wa Ngara, ambao waliona miti yao ikikatwa na maji yao yakichafuka, wana haki ya kuyapata yakiwa yamepimwa kwa mizani isiyopotoka. Watoto katika takwimu ni wengi, lakini umbali wa kufika kambini ni mali ya kijiji, si ya mtoto. Watoto wote wa kijiji kimoja wana umbali mmoja. Kwa hiyo athari ya kambi yahukumiwa kwa jumuiya 51, na zile za Ngara na Biharamulo zilizokuwa karibu hasa na maturubai ni sehemu ndogo ya hizo. Marianne Bertrand, Esther Duflo na Sendhil Mullainathan walitoa hadhari mwaka 2004, walipobuni sheria zisizokuwapo katika majimbo ya Marekani na kuzipima kwa njia iliyozoewa na wachumi: sheria hizo za uongo zilionekana kuwa na athari, kwa kizingiti cha asilimia 5, hadi mara 45 katika kila 100. Maoni yangu ni kwamba ulinganisho wa magharibi na mashariki, hata ukifanywa kwa uangalifu wote, una pande mbili tu mwishoni, na magharibi ya mkoa ingeweza kupatwa mwaka uleule na ukame au mabadiliko ya bei ya kahawa. Kwa sababu hiyo nazitegemea zaidi kazi zinazotumia umbali wa kila kijiji, maana humo kila kijiji kinapewa nafasi ya kusema neno lake.

Mafunzo ya Mwanza yalifika Benaco kwa njia nyingine pia, kwani AMREF ilianzisha huduma ya magonjwa ya zinaa katika kambi za Ngara mwaka 1994 kwa kufuata namna ya tiba iliyokuwa ikijaribiwa kando ya ziwa, na watu walitibiwa maturubaini kabla matokeo hayajachapishwa. Halafu zikaja habari za Rakai. Huko Uganda, makundi kumi ya jumuiya, matano dhidi ya matano, yalipewa dawa kwa watu wote kila baada ya miezi kumi, na mwaka 1999 Maria Wawer na wenzake wakatangaza kwamba maambukizo yalikuwa 1.5 kwa kila miaka-mtu 100 katika pande zote mbili, uwiano 0.97. Masaka nako, Uganda hukohuko, katika jumuiya 18, punguzo halikuonekana. Hata ilipofika mwaka 2010, majaribio tisa yalikuwa yamekwisha kufanywa ulimwenguni juu ya swali hilo, na ni la Mwanza peke yake lililoonyesha punguzo la virusi. Wengi walihojiana kama Mwanza ilikuwa bahati. Wengine, na mimi ni miongoni mwao, huona kwamba janga la Mwanza lilikuwa changa, wenye virusi wakiwa kama asilimia 4 tu mwanzoni, na tiba iliwafuata wenye dalili siku zote, ilhali Rakai janga lilikuwa limekomaa na tiba ilikuja kwa misimu. Lakini hata anayebisha hana budi kubishana na jozi sita zilizohesabiwa kwa uaminifu, si na vichwa 8,549 vilivyofanywa mashahidi kwa kuongezwa idadi. Na hilo ndilo lililofanya mjadala uwezekane.

Desemba 1996 Serikali ya Tanzania, pamoja na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, ilitangaza kwamba Wanyarwanda wote warejee kwao kabla ya tarehe 31 ya mwezi ule. Wako walioshika njia ya mashariki ili wajifiche, wakarudishwa, na karibu nusu milioni walivuka Rusumo kwa upande wa pili. Takwimu zao zimebaki katika makabati ya mashirika na katika kompyuta za vyuo vikuu, na kila mwaka mwanafunzi mwingine huzifungua ili aandike tasnifu. Kwake yeye nina ombi moja: kabla ya kuandika kwamba jambo fulani liliwadhuru au liliwafaa watu wa Ngara na Biharamulo, aandike kwanza, katika ukurasa uleule na kwa tarakimu, ni vijiji vingapi vilivyomwambia hivyo.